Dueti ya feri ya mwisho: kisa cha wimbo wa mapenzi uliobuma mbele ya wazazi, Mtwara

## Kabla sijaanza

Nimeondoa majina ya watu, ya kikundi na ya kumbi zote mbili, na vitu viwili vitatu vidogo nimevigeuza ili mtu asitambulike. Naandika kwa ajili ya wenzangu mnaofanya maigizo ya muziki huku mikoani, maana kila nikikaa na watu wa fani nasikia kilio kile kile, nyimbo zote zinaenda vizuri alafu ikifika dueti, ile ya wapenzi wawili kuimbiana, ukumbi unacheka, au mbaya zaidi unaangalia simu. Mimi nlikuwa napiga kinanda na kusimamia sauti, kwahiyo makosa mengi humu ni yangu, msidhani nawasema watu.

## Hali ilivyokuwa

Kikundi kiko Mtwara mjini, watu 14. Wengine wametoka kwaya, wengine kaswida na taarab, kuna wachezaji watatu wa sindimba, na mpiga chapuo (ngoma ndogo) mmoja ambaye mchana anaendesha bodaboda. Tuna bibi mmoja tunamuita mlezi, kungwi wa siku nyingi, yeye haimbi wala haigizi, anakaa tu kwenye kiti cha plastiki anachambua mchicha wake na kila mtu anaogopa akinyanyua macho.

Igizo lenyewe dakika 70 hivi, nyimbo 9. Kuna Kijana wa mjini ambaye baba yake ana mikorosho upande wa Tandahimba, na kuna Binti wa Msangamkuu. Kwa asiyepajua, Msangamkuu ni hapo ng'ambo tu, ukisimama feri unapaona, unavuka na kivuko au mtumbwi, wala si safari ya kuaga watu. Ila kivuko kina saa zake, ndo hapo hadithi ilipokaa, huyu kijana kila siku anavuka kwa kisingizio cha kununua samaki na kwao wameshachoka kula samaki. Baba wa Binti kasema mahari isubiri msimu, mnada upite na hela iingie benki. Kijana hana subira, anachukua korosho za mzee anauza kwa kangomba. Watu wa kusini hapo mmeshaguna. Kwa wengine, kangomba ni ule ununuzi wa vichochoroni, korosho zinapimwa kwa bakuli kwa bei ya kutupa, ni marufuku, njia halali ni kupeleka chama cha msingi ziingie ghalani kwa stakabadhi zisubiri mnada.

Dueti ni wimbo wa 5. Wakati inaanza Kijana ameshauza kwa kangomba na Binti hajui. Shikeni hilo, maana sisi tulilisahau kwa wiki saba za mazoezi.

Aliyeimba Binti ni dada wa miaka ishirini na kitu, sauti nzito ya kifuani, ya taarab, ukimsikia anaimba akiwa anafua unaacha kazi yako. Anaishi na mama yake. Aliyeimba Kijana ni mwimbaji wa kwaya, sauti yake ni tena (ile ya juu ya wanaume), ameoa, mpole, ana hofu ya kusimama mbele za watu mpaka aanze kuimba. Wimbo alitunga mwenzetu mmoja kwenye gita, ki (yaani ngazi ya sauti wimbo unapokaa) ya C, na melodi yake ilikuwa inaanzia do ya chini mpaka mi ya oktava ya juu, yaani C mpaka E ya juu. Neno "nakupenda" limo mara 14, nlihesabu baadae. Kwenye steji tuliwakalisha wote wawili kwenye mkeka katikati, mkono kwa mkono, mwisho wanakumbatiana taa inazimwa. Tuliona ni pazuri sana.

## Siku ya kuwaonyesha wazazi

Siku tisa kabla ya onyesho la kwanza tuliita wazazi na majirani waje waone, watu kama 40 hivi, bure. Nyimbo nne za mwanzo zikapita salama, ile ya wapima bakuli wa kangomba hata walipiga vigelegele. Ikaja dueti.

Ubeti wa kwanza Binti. Kile kipande cha "nakupenda" kinapanda mpaka E ya juu, na silabi inayokaa kwenye hiyo E, tena ndefu, ni "da". Nakupendaaa. Dada akapanda, sauti ikapasuka katikati kama kitambaa. Watoto waliokaa chini mbele wakacheka, na mnajua watoto wakianza. Jamaa kwa kutaka kumwokoa mwenzake akamsogelea akaimba naye, maiki mbili zikawa uso kwa uso na spika ya chini ya waimbaji iko hapo hapo mbele ya mkeka, ikapiga ule mluzi, watu wakaziba masikio. Mpaka wanafika kwenye kukumbatiana wote wawili wamekuwa wakavu, wanakumbatiana kama watu waliolazimishwa kupatana ofisi ya kata.

Mama yake dada akasimama. Akajifunga kanga vizuri, na hakutoka kwa mlango uliokuwa nyuma yake, alipita mbele, kati ya watu na steji, taratibu, akaja mpaka kwenye kinanda changu nikiwa bado nashikilia kodi (noti kadhaa zinazobonyezwa pamoja) ya mwisho. Nikamwamkia shikamoo mama. Akaitikia. Alafu akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mimi nimekuja kuangalia mchezo, baba, harusi sijaalikwa." Akaenda zake.

Na mke wa jamaa, ambaye ndiye tuliyekuwa tunamuogopa, yeye alikuwa anacheka mpaka machozi. Alimwambia mumewe nje, mbele yetu wote, "We mwanaume, umemshika mtoto wa watu kama unapakia gunia la korosho." Tulicheka. Baadae nikaja kuona kwamba katika watu wote 40 yeye peke yake ndiye alitoa uchambuzi wa kisanii.

## Tulivyokaa na tulivyoamua

Usiku ule ule tukakaa ukumbini, feni zimezimwa, mbu kama kawaida. Kulikuwa na mapendekezo matatu. Mmoja alisema dueti itolewe, igizo litasimama bila hiyo. Mwingine akasema iachwe ilivyo, watu wa onyesho la kulipia ni wengine, sio wazazi. La tatu lilikuwa langu na naliandika hapa kwa aibu, nlisema tubadilishe mwimbaji, tumtafute dada wa kwaya anayefika E bila shida. Dada mwenyewe alikuwepo. Hakusema kitu, akawa anakunja waya wa maiki, anakunja, anakunjua.

Bibi akaacha mchicha. Akaniuliza, "Huyo unayetaka kumleta, atalilia nini?" Nikawa sina jibu. Ikaisha hiyo.

Kesho yake mchana nikakaa na dada peke yetu bila maiki, nikamwambia imba chochote unachopenda, usiniangalie. Mimi nikawa namfuata tu na kinanda kutafuta yuko wapi. Raha yake inaanzia G iliyo chini ya C ya katikati na inaishia B ya juu yake. Ndo nikaelewa nlichomfanyia. Melodi ya C imekaa sawasawa kwenye koo la tena. Sisi tulichofanya ni kuchukua ki ya mwanaume tukamwambia mwanamke aimbe hiyo hiyo oktava moja juu, wakati nyumba yake ni nne nzima chini ya hapo, kutoka C kushuka mpaka G. Na usifikirie kubonyeza transpozi, kile kitufe cha kinanda cha kuhamisha ki, kunamaliza, ukishusha wimbo wote mpaka G dada anapona lakini jamaa anabaki anaguna chini kama besi mwenye mafua, au apande oktava aanze kupiga kelele. Wimbo mmoja, makoo mawili, ki moja haitoshi.

Kwahiyo ubeti wa Binti tukauweka G. Ukiisha, naongeza F kwenye ile kodi ya G inakuwa G7, na hapo sikio lenyewe linaomba C, kwahiyo Kijana anaingia C kwenye nyumba yake na anayesikiliza hajui kwamba tumehama, anahisi tu kama dirisha limefunguliwa. Kiitikio wanachoimba pamoja tukakiacha C, jamaa anashika melodi ambayo pale inatembea kati ya G na E, dada anakaa noti ya tatu juu yake, na hiyo tatu juu inamuangukia kuanzia B mpaka G, katikati kabisa ya kifua chake. Kuna sehemu mbili ilibidi aende nne badala ya tatu ili asigombane na kodi. Ilichukua saa moja na nusu tu. Wiki saba tumemtesa mtu kwa kitu cha saa moja na nusu!

Maneno yalichukua muda zaidi. Kwanza lile la "da". Kiswahili mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, na-ku-PE-nda, hata mtu akiwa na hasira ataubonyeza hapo hapo. Mtunzi wetu alikuwa kichwani ana nyimbo za Kizungu, ambako mstari unapenda kuishia na neno fupi la silabi moja lenye mkazo, unalibeba juu unaliacha hewani. Kwetu silabi ya mwisho ni ya kushukia, sio ya kupandia. Hakuna anayesema nakupendAAA isipokuwa mtoto anayedeka, na ndo maana watoto walicheka, waliitambua ya kwao. Tukageuza, noti ya juu ikakaa kwenye silabi yenye mkazo, ya mwisho ikashuka ngazi moja.

Alafu Bibi akauliza kwa nini wanaambiana nakupenda wakati wote wawili wanajua. Mtunzi akajitetea, ni wimbo wa mapenzi Bibi. Akasema, "Marehemu babu yenu sikumwambia hilo neno hata siku moja. Nilikuwa namuuliza ameshakula. Akichelewa, namuuliza njiani kulikuwa na nini." Na akasema kwenye unyago wimbo unaosema kitu moja kwa moja huwa hauimbwi mara mbili, mwali anapewa fumbo ili abaki nalo. Pale kimya kikapita kidogo alafu mpiga chapuo akasema basi huyu si amuulize feri.

Tukaandika palepale, Binti anauliza, Kijana anajibu:

*Feri ya mwisho saa ngapi, au leo huvuki?*
*Feri ya mwisho bado sana, hata ikienda nitaogelea.*

Na mbele yake:

*Na korosho umepeleka chama?*
*Msangamkuu naiona taa, ni ya kwenu au ya jirani?*

Yaani hapo kwenye korosho Kijana hajibu. Kaulizwa swali la nyumba yao ya kesho yeye anajibu taa. "Nakupenda" ikabaki mara moja, mwisho kabisa, tena anaisema Binti peke yake, Kijana hairudishi.

Naongeza hapa kwamba hii si siri ya Bibi tu. Kwenye Oklahoma!, igizo la muziki la Rodgers na Hammerstein, la 1943 kule Broadway, Marekani, Curly na Laurey wana dueti ambayo kazi yake yote ni kukatazana, usifanye hivi, usiniangalie vile, watu watasema tunapendana. Hawakiri. Nlikuwa naijua hiyo dueti miaka mingi na haikunisaidia kitu mpaka bibi wa mchicha aliponiambia kuhusu mume wake.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa mkao wa waimbaji. Huu nao ulianzia kwa mpiga chapuo. Aliuliza swali la mtu wa bodaboda, huyu kijana anasubiri feri upande wa mjini, sasa kwenye mkeka wa watu amefikaje? Na kweli bana. Ukumbi ule una njia katikati ya viti mpaka mlango wa nyuma, kama mita 20. Tukasema Binti abaki steji, Kijana aimbe akiwa mlangoni nyuma ya watu, na watu waliokaa katikati ndio maji. Hawasogeleani. Kijana anatembea hatua chache tu kwenye ile njia alafu anasimama, feri haijaja.

Kukumbatiana tukakutoa. Wapo waliosema tumewaogopa wazee na sitabisha, tuliwaogopa, dada anarudi kulala kwa mama yake yule yule na mtaa ni ule ule. Lakini hata angekuwa mama hana neno, kumbatio lile lilikuwa linajibu swali kabla halijaulizwa. Ukishawaona wamekumbatiana hadithi imeisha, nani tena anajali kangomba.

Mambo mawili hatukuyaamua kabisa na yalikuja kutudai: kutunza (watu kunyanyuka kumpa mwimbaji hela), na nani atamsikia nani kwa umbali ule. Tuna maiki moja tu isiyo na waya, tukampa Kijana, tukaona tumemaliza.

## Mtwara, usiku wa kwanza na wa pili

Usiku wa kwanza, kiingilio 3,000, ukumbi umejaa nusu na kidogo. Ki zilikuwa tamu. Dada alipoanza ule ubeti kwenye G kuna mtu nyuma akasema "ehee" peke yake gizani, na mimi nikajua hapa tumefika.

Alafu Kijana akaingia na nikasikia anaburuza. Sio sana, ila unasikia, kama anaimba na mguu mmoja kwenye tope. Jamaa huwa haburuzi kabisa. Kumbe ni umbali. Sauti inaenda kama mita 340 kwa sekunde, kwahiyo kinanda changu kinachotoka kwenye spika za mbele kinamfikia mita 20 nyuma kimechelewa kama sehemu 6 za sekunde katika 100, yeye anaimba sawasawa na anachosikia, maiki inamrudisha mbele papo hapo, na sisi tuliopo mbele tunamsikia amechelewa. Hana kosa. Spika ya kumsikilizia kule nyuma hatukuwa nayo.

Hilo bado tungevumilia, ila likaja la kutunza. Tulisahau kwamba tunaimba Mtwara. Dada yuko kwenye mstari wa kwanza wa kiitikio, mama mmoja wa safu ya pili akanyanyuka, akacheza taratibu mpaka steji akiwa na noti ya 2,000 ameikunja kwa vidole viwili, akamtunza kwenye kilemba, akamzunguka, akarudi anacheza. Wakanyanyuka wengine watatu. Sasa mtu anatunzwa hawezi kuendelea kama redio, anaitikia, anainama, na mimi na kinanda changu nimekazana kama nakimbizwa, mistari miwili ikapita hajaimba. Jamaa kule nyuma hamuoni, watu wamesimama, anahesabu tu mizunguko ya kodi, akajibu kwa sauti kubwa na ya uhakika, *hata ikienda nitaogelea*. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Ukumbi ukalipuka. Kilikuwa kicheko cha upendo lakini wimbo ulikuwa umeshakufa.

Usiku wa pili tulibadilisha vitu viwili. Mpiga chapuo alihamia ukingo wa steji, juu ya kreti ya soda, akawa anapiga mkono ukipanda juu ya bega kila mwanzo wa mzunguko, na jamaa akaambiwa usisikilize kinanda, angalia mkono. Mwanga hauchelewi. Akaacha kuburuza palepale. Na mimi nikaweka mizunguko minne ya kodi baada ya mstari wa kwanza wa kiitikio, naizungusha tu polepole mpaka dada anipe jicho, wakija watu kumtunza waje, wasipokuja tunaendelea. Walikuja. Safari hii kilikuwa kipande kizuri kuliko vyote, wanawake wanacheza kuelekea kwa Binti ndani ya yale maji na Kijana amesimama kule ng'ambo anawaangalia wote wanamfikia isipokuwa yeye. Hatukukipanga, na hata ungenilipa nisingeweza kukipanga.

Kwenye *na korosho umepeleka chama* ukumbi uliguna. Ile "mmmh" ya watu mia moja na kitu, ya kwetu hii, inayoanzia puani. Kijana akajibu taa. Wakaguna tena, mara hii kwa chini.

Mama yake dada alikuja usiku huo na majirani wawili, amekaa kiti cha pembeni ya njia. Jamaa alipotembea zile hatua zake chache na maiki alimkuta mama amenyoosha miguu njiani. Mama akairudisha miguu ili apite. Sikumuuliza kitu na hakuniambia kitu.

## Lindi

Wiki mbili mbele tukaenda Lindi, kilomita mia na kidogo, Costa moja watu na vyombo pamoja. Ukumbi mdogo. Viti vimepangwa ukuta kwa ukuta, hakuna njia, na mwenye ukumbi hataki viguswe kwa sababu kesho yake asubuhi kuna kikao. Dakika kumi kabla ya kuanza tukaamua wote wawili wawe steji, mita tatu, wamepeana migongo. Migongo ndiyo itakuwa bahari, tukajiambia.

Ki ni zile zile, maneno yale yale, chapuo ile ile. Ikalala. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeguna, wakapiga makofi ya adabu kama ya mgeni rasmi. Na betri ya maiki ya jamaa ilianza kukatakata kwenye ubeti wake, hilo la betri nalitaja tu, nisingependa kujifichia humo.

Tunapakia vyombo, mzee mmoja mwenye baiskeli akatuuliza kwa upole tu, "Hivi nyie wajukuu, hapa Lindi mmefika saa ngapi? Kitunda hamkuiona?" Lindi ina kivuko chake, unavuka ghuba kwenda Kitunda, mtu akisimama ufukweni anaiona ng'ambo kama sisi tunavyoiona Msangamkuu. Tulikuwa tumewaimbia watu wenye feri yao wimbo wa feri ya watu wengine.

## Nilivyokuja kuuelewa

Watu wa kikundi ukiwauliza nini kiliokoa ile dueti watakwambia umbali, zile mita 20. Mimi mwanzo nlikuwa naona wananidhulumu, nlijua ni ki, maana bila ki dada asingefungua mdomo vizuri hata ungemweka Msangamkuu yenyewe. Lindi ikanisuta. Lindi ki zilikuwepo. Najua vilibadilika vitu viwili kwa pamoja, mkao na mahali tunapoimbia, kwahiyo siwezi kuukabidhi msalaba wote kwa mkao, lakini nliwauliza wale wawili kila mmoja kwa wakati wake na wote wakasema hawakuwa na wa kumuimbia. Mgongo hauimbiki. Mtwara walikuwa mbali lakini wanaonana, na katikati yao kulikuwa na kitu cha kweli, watu, vichwa, mtoto analia, mama anatunza. Lindi katikati hakukuwa na kitu, walikuwa karibu alafu tukawazuia wasitazamane, hiyo ni adhabu ya shule.

Na dirisha lilikuwepo! Ukumbi wa Lindi ulikuwa na dirisha kubwa la ubavuni linalotazama uani. Jamaa angeweza kuimba akiwa nje, uso dirishani, watu wageuze shingo. Nlilikumbuka tukiwa Mingoyo pale njia panda tunanunua mihogo ya kukaanga, nikapiga paja mpaka dereva akageuka. Tulichokosea Lindi ni kubeba mpangilio badala ya kubeba swali. Swali lilikuwa hapa ndani maji ni yapi, na hilo unalijibu ukiwa umesimama kwenye ukumbi mtupu saa nane mchana, sio dakika kumi kabla watu wamekaa.

Pendekezo langu la kubadilisha mwimbaji ndilo kosa kubwa kuliko yote humu ingawa halikutekelezwa. Tuna tabia hii sisi wasimamizi wa sauti, mtu asipofika noti tunasema hana sauti. Saivi nina daftari, kabla sijashika wimbo wowote wa watu wawili naandika chini na juu ya kila mmoja, nasikiliza wakiwa wanaimba cha kwao wenyewe, sio wakipanda ngazi za do re mi mbele yangu huku wanatetemeka.

Kuhusu mama, tulifanya vibaya kumuita aje ashtuke. Si kwamba tulitakiwa kuomba ruhusa ya kila hatua, tungeshindwa, ila ile siku tisa kabla ilikuwa inatosha mtu mmoja kwenda kwake jioni, kukaa barazani, kunywa chai, kumwambia mama kuna hiki na hiki. Bibi alisema angeenda yeye kama angeambiwa. Hakuambiwa kwa sababu sisi vijana tulidhani hilo si jambo la sanaa.

Kutunza nakuona tofauti na zamani. Mwanzo nlikiita usumbufu, kuna mwenzetu alitaka tuweke tangazo mlangoni watu wasipande steji. Sasa mtu analipa 3,000 anaongeza 2,000 kwa mapenzi alafu umkataze? Muziki ndio unatakiwa kuwa na mlango. Mizunguko minne inatosha, mitano inaanza kuchosha, na anayeamua kuifunga ni mwimbaji, sio mpiga kinanda.

Maiki naenda haraka, betri mpya kila onyesho, mbili za akiba mfukoni mwa mtu mmoja anayejulikana, na spika ya waimbaji isiwe kamwe mbele ya maiki mbili zinazokutana.

Lindi tunarudi. Mstari wa taa ndio umetusumbua, Msangamkuu ina silabi sita, Kitunda tatu, ukiziba na "ee" inakuwa kama mtu amesahau. Tulijaribu "kule Kitunda", ikapungua moja. Juzi dada kaja mazoezini akaimba tu bila kutuambia, *na kule Kitunda naiona taa*, silabi sita kamili na mkazo umeangukia ya tano kama kwenye Msangamkuu, hakuna noti hata moja iliyoguswa. Tarehe bado, ukumbi wenye dirisha una harusi kila Jumamosi mpaka msimu uishe.